Nyumba Nne za Mama Tanuru

Barua ililetwa na mjumbe wa mtaa siku ambayo Mama Tanuru alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Mjumbe, ambaye hapendi kuchafuka, aliiweka juu ya jiwe, akaikandamiza kwa kokoto, akaondoka kabla hajaulizwa swali. Hapo tu mtu angejua kwamba mambo si mazuri. Mjumbe huyo akileta habari njema hukaa mpaka apewe kiti, na akishapewa kiti haondoki.

Mama Tanuru hakuwa mtu wa kuchachawa. Alimaliza tofali lililokuwa kwenye kalibu, akaligeuza chini, akainua kalibu taratibu, akalitazama kama limesimama sawasawa, ndipo akanawa mikono. Miaka ishirini na sita alikuwa akifyatua matofali kwenye kiwanja kile kile. Alianza na mumewe. Mumewe alipofariki alimwachia kalibu mbili, sepetu moja na nyumba isiyo na madirisha. Madirisha alitia mwenyewe.

Alikuwa na desturi moja iliyowachosha watu. Kila karatasi iliyomfikia aliisoma kuanzia juu kabisa, kwenye nembo na anwani, mpaka chini kwenye yale maandishi madogo ya mpiga chapa. Iwe karatasi ya dawa, mfuko wa saruji au kadi ya harusi, kwake ni mamoja. Aliachishwa shule darasa la tano, na siku ile ile aliapa kwamba hakuna karatasi itakayompita tena. Kwa hiyo alivaa miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja, akaketi juu ya ndoo, akasema peke yake, "Haya, tuanzie juu."

Halmashauri ilikuwa inamjulisha, kwa heshima, kwamba katika uthamini mpya kiwanja chake kilionekana kuwa na majengo matano ya makazi. Jengo moja lilihesabiwa ni la kuishi mwenyewe. Manne yaliyobaki, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kulala kwenye nyumba tano, yalihesabiwa ni ya kupangisha. Kodi ya mwaka ilikuwa imeandikwa chini kwa wino mweusi. Mama Tanuru hakuihesabu kwa noti. Aliihesabu kwa matofali, maana ndiyo hesabu aliyoiamini, ikatoka tanuru mbili nzima. Kwa mwaka alikuwa akichoma tanuru tatu.

Alikuwa na siku thelathini za kuweka pingamizi. Zikipita, uthamini unasimama kama ulivyo, na kiwanja kisicholipiwa kinaingia kwenye orodha ya mnada.

Bintiye alikuja na mtoto mgongoni, akasoma juu ya bega la mama yake. Aliishi kwenye chumba kilichokuwa nyuma, chini ya miparachichi. Mama yake alimjengea mwaka uliopita, aliporudi nyumbani na mimba ya miezi saba na sanduku moja.

"Mama, kumbe tuna nyumba tano?"

"Ndivyo tunavyoambiwa. Nenda kachague yako kabla wapangaji hawajazimaliza."

Walicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Usiku huo Mama Tanuru alizigusa kuta za nyumba yake kama mtu anayempapasa ng'ombe anayetaka kuuzwa, na alipandwa na hasira ambayo hakuwa nayo tangu ujana. Kila tofali la kuta zile alilijua. Wazo la dalali kusimama mlangoni pake na kupaza sauti lilimnyima usingizi.

Kulipokucha alikuja Shemeji, kaka wa marehemu mumewe, ambaye kiwanja chake kilipakana na cha Mama Tanuru. Shemeji alifanya kazi ya karani wa mizani miaka thelathini, akastaafu na kalamu tatu mfukoni, na tangu hapo ukoo mzima ulikuwa ukimpelekea barua zake. Aliisoma ile barua kwa namna yake: alitazama chini palipo na kiasi, akapiga mluzi, akaikunja.

"Shemeji yangu, ofisi haibishwi. Ofisi inaongewa nayo," alisema. "Kuna kijana pale namfahamu. Tunamwona kidogo, zile nyumba zinashuka zinakuwa mbili, maisha yanaendelea."

"Zishuke kutoka wapi? Wewe umeziona hizo nyumba?"

"Kuona si hoja. Zimeshaandikwa."

"Basi nitakwenda kuwauliza waliziandika wapi."

Shemeji alijikuna shingo. "Ukiwaita waje kupima, wakija hawatapima kwako tu. Watu wa ofisi ukiwafungulia mlango hawajui kuondoka." Aliyasema hayo huku akiutazama uzio uliotenganisha viwanja vyao. Mama Tanuru aliona tu kwamba shemeji yake ameanza uzee wa woga, akamwonea huruma bure.

Keshoye saa tatu alikuwa halmashauri, dirisha namba mbili. Foleni ilikuwa ndefu, na kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, alisoma tangazo lililobandikwa ukutani nyuma ya kioo, nusu limefunikwa na kalenda ya mwaka juzi. Kila feni ilipoinua kalenda alisoma na yaliyo chini yake, mpaka mpiga chapa. Zamu yake ilipofika alikuwa amelihifadhi.

"Shikamoo mama," alisema karani, binti mwenye sauti ya upole na macho yaliyochoka na watu.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuona daftari la uthamini."

"Unalipa yote au nusu?"

"Silipi. Nasoma."

"Mama, daftari si la kusoma. Wewe lipa kwanza, kama hukubaliani utaleta malalamiko baadaye."

"Mgongoni kwako pale, mstari wa nne, pameandikwa daftari litakuwa wazi kwa mtu yeyote, saa za kazi, bila malipo. Mstari wa saba unasema pingamizi halina ada, na mtu halazimiki kulipa kiasi anachokipinga mpaka uamuzi utoke. Sogeza kalenda utauona."

Karani aligeuka. Alikuwa amelipa tangazo lile kisogo kwa miaka mitatu, na sasa aliutazama ukuta kana kwamba umejengwa asubuhi ile. Alisogeza kalenda. Nyuma ya Mama Tanuru mtu mmoja kwenye foleni alisema kwa sauti, "Ehee!" na karani akainuka kwenda kulitafuta daftari kabla foleni nzima haijapata mawazo.

Lilikuwa kubwa la kubebwa kwa mikono miwili. Mama Tanuru alilipakata kwenye benchi, akaanzia juu. Kwanza hakuelewa kitu. Palikuwa na safu za namba na vichwa vya safu vilivyofupishwa kwa uchoyo, herufi mbili mbili. Lakini hakuwa na haraka. Alilinganisha ukurasa wake na wa jirani, na wa jirani na wa mbele yake, na polepole mambo yakaanza kukaa mahali pake. Kumbe ilikuwa hivi: walipima ukubwa wa jengo, wakaligawia thamani kwa kila mita, jumla yake wakaizidisha kwa kiwango kidogo, na hicho kinachotoka ndiyo kodi. Mwenye kuishi ndani mwenyewe, akijaza fomu ya kijani, hupunguziwa nusu. Mwenye kupangisha hapunguziwi kitu. Basi. Hayo tu ndiyo yaliyokuwa yakiwatoa watu jasho na kuwapeleka kwa vijana wa kuonwa kidogo. Alishikwa na hasira kwamba ni rahisi hivyo, na kwamba hakuna aliyewahi kumwambia.

Kisha akatazama vipimo. Jengo la pili lilikuwa na urefu wa mita kumi na tano, upana mita mbili na nusu. La tatu, vivyo hivyo. La nne na la tano, vivyo hivyo. Alivirudia mara mbili, halafu akacheka kicheko cha kumfanya mlinzi achungulie.

"Mama, kuna nini?" aliuliza karani, akitoka nje ya dirisha lake.

"Mwanangu, mita mbili na nusu ni urefu wa bati moja. Hizi si nyumba. Hizi ni safu zangu za matofali mabichi."

Ikabidi aeleze, naye alieleza vizuri, maana hiyo ndiyo kazi yake. Tofali likishafyatuliwa linakaa wiki tatu likikauka, na likinyeshewa kabla ya kuchomwa linarudi kuwa tope. Kwa hiyo anayapanga kwa safu, anakita vijiti pembeni, anatandika mabati juu. Safu ziko pale pale mwaka mzima, kwa sababu ndipo alipoisawazisha ardhi. Yanayobadilika ni matofali.

"Kila nyumba ina wapangaji elfu mbili na mia tano," alimalizia, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kunilipa."

Karani alijitahidi asicheke akashindwa. Alimvuta Mama Tanuru mpaka kwenye kompyuta, jambo ambalo pengine halikuruhusiwa, akafungua picha. Uthamini ulifanywa kwa kindege kile kisicho na rubani, kilichopita juu ya vijiji wakati wa mvua, asubuhi moja jua lilipochomoza kidogo. Mama Tanuru alikikumbuka vizuri sana. Kilikuwa kikivuma kama nyigu na kuwatia kiwewe kuku, akatoka na kitambaa kukifukuza.

Na sasa alijiona. Pale, katikati ya nyumba zake nne, palikuwa na kitone cha kahawia na juu yake kitone chekundu, ndicho kitambaa.

"Kumbe ni mimi yule!"

"Ni wewe, mama. Umeinua mkono kabisa."

"Hebu kuza zaidi. Tazama kivuli changu."

Karani alikuza. Kivuli cha Mama Tanuru kililala juu ya nyasi, kirefu, na kitambaa chake kinaning'inia. Vivuli vya zile nyumba vilikuwa vyembamba kama mkeka uliokunjwa.

"Mimi si mrefu," alisema Mama Tanuru. "Mume wangu alikuwa akiniita Kisiki. Sasa niambie, ni nyumba gani ya makazi ambayo kivuli chake ni kifupi kuliko cha Kisiki?"

Karani alifungua droo. Alimpa fomu ya pingamizi na kalamu iliyofungwa kamba.

Fomu ilikuwa fupi, lakini ilikuwa na swali moja lililomsimamisha. Taja majengo yote yaliyopo kwenye kiwanja. Alitaka kuandika moja. Kwenye picha, chumba cha bintiye hakikuonekana kabisa. Pale nyuma palikuwa na majani ya miparachichi tu, kijani kitupu. Angeandika moja na hakuna mtu duniani angejua. Lakini chini palikuwa na mstari wa kuthibitisha kwamba yaliyoandikwa ni kweli, na chini ya mstari huo nafasi ya jina lake. Yeye alikuwa amekuja hapa kugomba kwa sababu wameandika yasiyokuwepo. Aliona aibu kuficha yaliyopo. Tena, kusema kweli, aliona na kiburi. Chumba kile alikijenga kwa mikono yake, msingi mpaka kenchi, na hakutaka kisemwe hakipo. Akaandika: mawili.

"Usiguse yale mabati mpaka mthamini aje," karani alimwonya. "Akikuta patupu atasema ulikuwa na nyumba ukazivunja."

Siku kumi na moja zilipita, na zilikuwa siku za jua kali, zile ambazo mfyatua matofali huziomba. Matofali chini ya mabati yalikauka mpaka yakawa yanalia yakigongwa. Tanuru lilikuwa wazi likingoja. Mwashi aliyekuwa akijenga vyoo vya shule alikuja mara mbili na toroli lake, mara ya pili akiwa amenuna.

"Mama, unayo matofali, nayaona. Choma basi."

"Nikiyagusa nimejifunga mwenyewe."

"Basi mimi nikanunue kwingine," alisema mwashi, na akaenda kununua kwingine kweli. Ilimuuma. Huyo alikuwa mteja wa miaka tisa.

Shemeji naye alikuja kila jioni. Alipojua kwamba kwenye fomu ameandika majengo mawili, alishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Ulikuwa na akili wewe! Nani kakwambia ukitaje kile chumba?"

"Fomu iliniuliza."

"Fomu! Fomu ni mama yako? Toa hayo mabati, kata matawi ukifunike kile chumba vizuri, wakija wakute uwanja, nyumba moja, kwisha."

"Shemeji, nikiwadanganya kimoja, watakuwa na haki ya kutoniamini vinne. Sina nguvu nyingine mbele yao. Ninayo hiyo tu."

Shemeji aliondoka akibamiza geti, ambalo kwa bahati mbaya lilikuwa la mianzi na halikutoa mshindo aliokuwa akiutaka.

Mthamini alikuja siku ya kumi na mbili. Alikuwa kijana mrefu mwenye tai, viatu vilivyong'arishwa, na kishikwambi alichokikumbatia kifuani. Hakuwa mtu mbaya. Alizunguka safu zote nne, akatazama picha, akatazama mabati, akatazama picha tena, na masikio yake yakabadilika rangi.

"Mama, hapa tumekosea," alisema.

Mama Tanuru alisikia mabega yakimshuka. "Ahsante kwa kusema. Basi futa."

Kijana aligusagusa kioo. Akakunja uso. Akagusa tena. "Shida ni kwamba jengo likishaingia halifutiki. Ninaruhusiwa kubadili hali yake tu. Kuna makazi, biashara, na limebomolewa."

"Na halikuwepo?"

"Hakuna sehemu ya halikuwepo." Alisogea karibu, akashusha sauti kwa wema kabisa. "Lakini naweza kuweka limebomolewa. Yote manne. Dakika mbili tu, kodi inaondoka leo leo. Kutakuwa na faini ndogo ya kubomoa bila kibali, na hiyo hailingani hata kidogo na ile kodi. Wewe unasaini hapa."

Akataja faini. Kwa hesabu ya Mama Tanuru ilikuwa matofali mia sita. Matofali mia sita, na kesho anachoma tanuru, labda hata yule mwashi anarudi. Alihisi mwili mzima ukitaka kusema ndiyo. Alikuwa amechoka.

"Kubali, shemeji!" ilitoka sauti kwenye uzio. Shemeji alikuwa amepanda juu ya jiwe upande wake ili aone. "Kubali yaishe! Mwanangu, mwekee asaini!"

Hata bintiye, aliyekuwa amesimama na mtoto, alimtazama kwa jicho la kumwambia, mama, inatosha.

Mama Tanuru alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena.

"Mwanangu," alimwambia mthamini, "mimi sijabomoa kitu tangu nizaliwe. Nusu ya nyumba unazoziona njiani ulipopita, kuta zake zimetoka kwenye mikono hii. Leo unataka niandikwe kwamba nilikuwa na nyumba nne na nikazivunja kwa wizi. Mwaka kesho wewe utahamishiwa kwingine. Atakuja mwenzako, atafungua daftari, atasoma kwamba mwanamke huyu ni mkwepa kodi na sahihi yake hii hapa. Nitamwambia nini? Kwamba kilikuwa kishikwambi?"

"Mama, ni utaratibu tu."

"Utaratibu wenu umekosea nyumba nne, halafu faini nilipe mimi. Silipi. Sitasaini hiyo kwa tofali mia sita wala kwa tofali moja." Sauti yake ilikuwa imepanda mpaka kuku wakahama. "Njoo hapa. Inua bati."

Kijana aliinua bati. Chini yake matofali yalikuwa yamekaa kimya, safu kwa safu.

"Ingia."

"Mama..."

"Si nyumba ya makazi? Si ndivyo kilivyosema hicho kioo chako? Ingia ulale. Ukipata nafasi ya kunyoosha hata mguu mmoja, ukitoka nitasaini chochote utakachoniletea."

Sijui ni heshima kwa umri wake au ni aibu ya kazi yake, lakini kijana alipiga magoti na kuingiza kichwa kati ya bati na matofali. Mabega yalikataa. Alipojaribu kutoka, tai ilinasa kwenye kijiti, na ikabidi bintiye Mama Tanuru aende kumnasua huku akivunjika mbavu kwa kicheko. Kijana alitoka na utando wa buibui kwenye nyusi na vumbi jekundu mpaka puani. Alikaa chini pale pale, akajitazama, akaanza kucheka yeye mwenyewe.

"Niletee kalamu, mama," alisema. "Kishikwambi tukiache."

Aliandika kwa mkono nyuma ya fomu: majengo namba mbili mpaka tano hayakuwepo wakati wa uthamini na hayapo sasa, kilichoonekana ni mabati juu ya matofali mabichi. Mama Tanuru aliisoma kuanzia juu. Alimfanya aongeze tarehe. Kisha wote wawili wakasaini.

"Sasa hili la pili uliloliandika mwenyewe," aliuliza mthamini akijipangusa. "Mbona silioni kwenye picha?"

"Hukuliona. Nifuate."

Kwenye uzio palisikika mguno kama wa mtu aliyekanyagwa kidole. Mama Tanuru alimpeleka nyuma, akamwonyesha chumba chini ya miparachichi, mita nne kwa tatu, dirisha moja, nguo za mtoto zimeanikwa. Kijana alipima, akaandika, anakaa binti wa mwenye nyumba. Halafu akainua uso akayatazama majani mazito yaliyoliziba paa lote. Macho yake yakaifuata miparachichi mmoja baada ya mwingine, maana marehemu na kaka yake waliipanda zamani kwa safu moja ndefu, viwanja vyote viwili, mpaka yakafika kwenye uzio, yakavuka.

"Na kule nako kuna miparachichi," alisema, kama anayejisemea.

Shemeji alikuwa ameshashuka kwenye jiwe, na kikohozi chake kilisikika kikielekea ndani ya nyumba.

Hapo ndipo Mama Tanuru alipoelewa, na alijiona mjinga kwa kutokuelewa mapema. Nyuma ya nyumba ya Shemeji, chini ya miti ile, palikuwa na vyumba vitatu. Vilikuwa na wapangaji wa kweli, wenye miguu na masufuria, waliolipa kila mwezi. Kwenye daftari kiwanja kile kilikuwa na nyumba moja. Ile hofu ya watu wa ofisi kuja kupima, ule ushauri wote wa kuongea vizuri, haukuwa wa kwake hata siku moja.

Mthamini aliingia kwa Shemeji mchana ule ule.

Jioni Shemeji alikuja mpaka kwenye geti la mianzi lakini hakuingia. "Umeniuza," alisema.

"Sikumwambia neno juu yako. Nilionyesha changu."

"Ni kitu kimoja."

"Si kimoja, shemeji. Ungeniacha nilipie nyumba nne za hewa ili vyumba vyako visionekane. Kiwanja hiki ningenyang'anywa wewe ukiwa unanipa pole."

Shemeji aligeuka, akaondoka. Kuanzia siku hiyo alipita njiani ameinamisha kofia, asimsalimie. Mama Tanuru hakujuta, lakini ilimkata maini. Huyu ndiye aliyeshika upande wa mbele wa jeneza la mumewe. Huyu ndiye aliyepanda juu ya paa lake kupigilia misumari, akakataa ujira.

Uamuzi ulikuja baada ya mwezi. Majengo: mawili, yote makazi ya mwenyewe na familia, nafuu imetolewa. Namba mbili mpaka tano: hayakuwepo. Mama Tanuru aliisoma mpaka kwa mpiga chapa, kisha akalirudia neno lile moja mara tatu, hayakuwepo, akilitafuna kwa utamu. Hakungoja kesho. Yeye na bintiye waliyafungua mabati yote siku ile ile.

"Wapangaji, tokeni!" alipaza sauti. "Mkataba umekwisha!"

Tanuru liliwaka siku tatu. Mwashi alirudi na toroli lake, akijifanya hakuwahi kuondoka.

Siku ya kulipa, Mama Tanuru alikuwa tena kwenye foleni ya dirisha namba mbili. Kodi yake halali ilikuwa kwenye kona ya kanga, imefungwa fundo. Tangazo ukutani lilikuwa wazi. Kalenda ilikuwa imeondolewa. Alipogeuka kuona urefu wa foleni alimkuta Shemeji nyuma yake, watu wawili baadaye, anatazama dari. Barua yake ilichungulia kwenye mfuko wa shati kati ya kalamu tatu, imekunjwa mara nne, upande wa kiasi ukiwa nje.

Mama Tanuru alitazama mbele. Akavumilia. Akageuka tena.

"Shemeji, ile fomu ya kijani umejaza?"

Dari ilikuwa na mambo mengi ya kutazama.

"Ya anayeishi mwenyewe. Usipoijaza, hata nyumba unayolala watakutoza kama ya kupangisha. Vile vitatu lipia, hivyo ni haki yao. Lakini nyumba yako wasikuibie."

"Anayefuata!" aliita karani.

Aliyefuata alikuwa Mama Tanuru. "Mpitishe mwingine, mwanangu," alisema, akatoka kwenye foleni aliyosimama saa nzima, akaenda kuketi kwenye benchi, akaacha nafasi pembeni.

Shemeji alisimama pale kwa muda wa watu wawili kuhudumiwa. Kisha akaja akaketi, akatoa barua mfukoni, akaisogeza kwa kidole bila kumtazama. Ilikuwa bado na mikunjo mipya. Hakuwa ameifungua zaidi ya pale penye kiasi.

Mama Tanuru aliikunjua juu ya goti, akainyoosha kwa kiganja, akavaa miwani yake.

"Haya, shemeji," alisema. "Tuanzie juu."